Kilo Tatu za Nyongeza

Ndege ile ilinizidi umri. Rubani wa zamani, mzee mpole aliyekuja kwetu kwa miaka mingi, aliniambia ilitengenezwa Kanada miaka michache kabla sijazaliwa. Waliounda aina ile waliipa jina la fisi maji, yule mnyama wa mtoni anayevua samaki, tena fisi maji pacha, kwa sababu ina injini mbili. Ilianza kazi kwenye theluji, imefungwa mbao ndefu chini badala ya matairi. Baadaye ikauzwa, ikapelekwa jangwani kubeba watu waliokuwa wakitafuta mafuta. Ilipofika kwetu ilikuwa imepakwa rangi mara nne. Pembeni ya mlango, mahali ambapo mikono ya watu imekwangua, rangi zote zilionekana: nyeupe juu, kisha bluu, kisha rangi ya chungwa, na chini kabisa bati lenyewe.

Aina ile niliiona mara ya kwanza wakati wa wakimbizi wa Rwanda. Nilikuwa kijana, nimemaliza darasa la saba, sina kazi. Kiwanja kilichongwa kwa haraka juu ya mgongo wa kilima upande wa Kanazi, ili dawa na chakula cha watoto vishuke. Wakimbizi walipoondoka, mashirika nayo yaliondoka, majani yakabaki. Hospitali ikaniuliza kama naweza kuendelea kuyakata. Nilisema ndiyo, na kazi yangu ikawa hiyo: kufyeka, kufukuza ng'ombe, kushona soksi ya upepo, kile kitambaa kinachomwonyesha rubani upepo unakotoka, inapochanika, na mara moja kwa mwezi kuipokea ndege ya madaktari na kupanga wagonjwa wanaokwenda Mwanza.

Shule yangu ni ndogo, lakini ndege ile niliijua. Ndani ya kila injini kuna moto kama wa zile ndege kubwa za jeti, ila nguvu yake haitoki nyuma kusukuma, inazungusha panga la mbele. Inakunywa mafuta yanayonuka kama mafuta ya taa. Matairi yake hayakunjwi, yananing'inia hivyo hivyo hewani kama miguu ya korongo. Haina mwendo wa kujivunia. Rubani wa zamani alisema ndege nyingine zinaipita kama basi linavyopita baiskeli. Lakini hakuna inayoishinda kwa kutua mahali pabaya. Ikigusa chini, rubani anayageuza mapanga yasukume hewa mbele, nayo inasimama kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Kuondoka ni vivyo hivyo: inapiga kelele, inatetemeka, inakimbia kidogo, imekwisha kuwa juu.

Nilikuwa nimeweka mawe meupe kando ya njia yake, moja kila hatua mia, kumi na mawili kwa jumla. Kila ilipoondoka niliandika kwenye daftari matairi yaliacha nyasi kwenye jiwe la ngapi. Asubuhi ya baridi yenye upepo wa mbele, jiwe la nne. Mchana wa jua kali, la sita. Majani yakiwa marefu au ardhi ikiwa imelowa, la saba, na mara moja la nane, siku ambayo nilifumba macho. Hakuna aliyenituma kuandika. Nilipenda kujua. Mke wangu alikuwa akinitania kwamba umri wa wanangu nausahau lakini mawe ya ndege siyasahau.

Rubani wa zamani hakupima watu. Aliwatazama tu wakitembea kuja kwenye ndege, kisha akasema huyu akae mbele, huyu nyuma, ndizi hizi zibaki. Alipostaafu alikuja mwingine, kijana wa Arusha, msafi, mwenye adabu, mwenye karatasi. Siku yake ya kwanza alinieleza jambo ambalo mzee yule hakuwahi kulisema kwa mdomo. Kilima chetu kiko juu, na juu hewa ni nyepesi. Joto likiongezeka inakuwa nyepesi zaidi, na mabawa hayana cha kushika. Mafuta hayapatikani kwetu, kwa hiyo ni lazima abebe ya kwenda na ya kurudi. Na la mwisho ndilo kubwa: uzito usihesabiwe kwa nguvu ya injini mbili, uhesabiwe kwa siku ambayo moja itakufa, ili ile iliyobaki iweze kuivusha ndege juu ya bonde. Kwa hiyo alitaka uzito wa kila mtu. Akaniuliza mizani iko wapi.

Mizani ya wagonjwa hospitalini ilikuwa imeharibika. Iliyokuwapo karibu na kiwanja ni ile ya ghala la kahawa la chama cha ushirika, inayoning'inia kwenye boriti. Tukashona kiti cha gunia chenye kamba nne. Rubani akakaa wa kwanza, miguu ikining'inia, mshale ukasimama. Akacheka.

"Mzee, mizani yako inasema uongo. Mimi najijua nina sabini na nne."

Ilikuwa imesoma sabini na moja. Nilimwambia sisi sote tunajua, inaiba kilo tatu, imeiba tangu zamani. Kila mkulima wa kwetu aliyepeleka gunia pale alirudi nyumbani akiongeza tatu kichwani mwake ili ajue ukweli, hata kama ukweli huo haukumsaidia. Rubani akaona ni sawa. Tukakubaliana: nitawapima watu, nitaongeza tatu kwa kila mmoja, nitampa karatasi.

Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Watu walizoea, wakafanya mzaha. Mzee mmoja wa tezi alipokuwa amening'inia aliniuliza yeye ni daraja la ngapi. Bibi mmoja asiyejua Kiswahili alisema kwa Kihangaza kwamba kama nimepata mnunuzi wake nimwambie hana meno. Nilicheka nao. Nilikuwa na uhakika na kazi yangu. Kwetu mtu anayepunja mizani anatajwa hata makaburini, na mimi nilijiona ni mtu anayerudisha kilo zilizoibwa mahali pake.

Mwaka jana moyo wa mke wangu ulianza kuvimba. Alianza kwa kuchoka njiani kutoka kisimani, kisha hakuweza kulala chali, kisha miguu ikajaa maji. Wiki tatu alilazwa, nami nikakaa naye wodini, nikitoka tu kufyeka na kurudi. Daktari alisema dawa za hapa zimefika mwisho wake, anahitaji kuonwa na wataalamu wa moyo Mwanza, na asisafiri kwa gari kwa sababu hawezi kukaa wima siku nzima kwenye mashimo. Kwa ndege ni chini ya saa moja. Aliandika barua. Nikamweka kwenye orodha kama mgonjwa wa tano, nikampigia simu mama yake aje amsindikize, kwa kuwa siku ya ndege mimi sina ruhusa ya kutoka kiwanjani.

Mama mkwe wangu anaishi Nyarubungo. Familia yake ni watu wa Burundi waliovuka mpaka yeye akiwa msichana. Safarini mama yake aliugua, wakampandisha kwenye lori lililokuwa na nafasi ya mtu mmoja, wakaambiwa watamkuta mbele. Hawakumkuta mbele wala popote. Habari hiyo aliizungumza mara moja tu, siku tuliyopeleka mahari, kama mtu anayetaja sharti.

Siku ya ndege mvua za masika zilikuwa bado hazijaisha. Usiku uliotangulia ilikuwa imenyesha, ardhi ilibonyea chini ya viatu. Walikuwa kumi: wagonjwa watano, na kila mgonjwa na mtu wake, kwa sababu kwetu mgonjwa haendi ugenini peke yake. Mtoto mwenye mguu uliooza mfupa alikuwa na mama yake. Yule bibi wa Kihangaza alikuwa na mjukuu wa kumsemea. Mzee wa tezi alikuwa na mwanawe wa kumnyanyua. Kulikuwa na msichana kipofu na dada yake, kisha mke wangu na mama yake.

Nikawapima mmoja mmoja. Mama mkwe nilishindwa kumshika nimpandishe kwenye gunia; mkwe hamshiki mkwewe. Mama wa mtoto akamsaidia, mimi nikasimama ubavuni nikitazama mshale tu, si yeye. Mke wangu alikuwa wa mwisho. Aliposogezwa kwenye kamba alikuwa akihema kama aliyepanda mlima. Mshale ulisema arobaini na moja.

"Kahawa nyepesi," akasema. "Imeliwa na wadudu."

Nikaandika arobaini na nne.

Rubani alipochukua karatasi alikaa chini ya bawa na kalamu yake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alitembea njiani akikanyaga matope kwa kisigino. Akarudi akasema mizigo yote ibaki. Watu wakashusha mikungu ya ndizi, maharage, sufuria, magodoro. Akapiga hesabu tena. Akaniita pembeni.

"Mzee, bado nimezidi. Kilo ishirini na nne. Mtu mmoja abaki."

Nilimwuliza nani. Alisema hilo si lake, watu ni wangu, ila wagonjwa wasiguswe, aondoke msindikizaji mmoja. Nami nikajua hapo hapo kwamba siwezi kumgusa msindikizaji wa mtu mwingine. Aliyekuwa na orodha ni mimi, aliyekuwa na mizani ni mimi. Ningemshusha mjukuu wa bibi ili mama mkwe wangu akae, wilaya nzima ingesema. Kwa hiyo nilikwenda kwa mama mkwe. Nilimwomba nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa maneno mengi, kwamba ndege haiwezi kuwabeba wote, kwamba mwanawe atapokewa Mwanza na masista kwenye gari, kwamba yeye atafuata kwa basi kesho na kumkuta.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mwanangu hapakiwi peke yake."

"Mama, ni saa moja tu."

"Hata lile lori walisema ni saa moja."

Mke wangu alikuwa amekaa juu ya godoro lililoshushwa. Nilimwangalia ili aseme neno. Nadhani angeweza kusema kwamba atakwenda peke yake, na mama yake angekubali. Lakini alikuwa binti wa mama yule, na pumzi ya kubishana hakuwa nayo. Alisema kwa Kihangaza kidogo tu: tutapanda mwezi ujao. Rubani alikuwa ameshika saa yake, mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Rwanda. Nikafunga mlango wa ndege kwa nje, kama ninavyofanya siku zote, nikarudi nyuma nikiwa na bendera yangu.

Iliondoka na watu wanane. Mkono wangu ulikuwa umezoea, nikahesabu. Kwenye matope yale niliitegemea kwenye jiwe la saba. Iliacha nyasi kwenye la tano. Mawe saba yalibaki mbele yake bila kazi. Niliyatazama, sikuelewa, nikaliandika.

Mwezi ujao ulikuwa mbali. Siku ya sita usiku hakuweza kabisa kupumua akiwa amelala, alfajiri daktari akasema tusisubiri tena. Tukapata gari dogo, tukaegemeza kiti cha mbele kidogo, mama yake akakaa nyuma akiwa amemshika kichwa kwa mikono miwili ili kisigongwe. Mimi nilikaa kando ya mama mkwe nikijibana mlangoni nisimguse. Tulikwenda polepole. Kila tuta mke wangu alitoa sauti ndogo, kisha akaacha kutoa.

Nyakahura tulisimama kwenye soko la barabarani kwa sababu aliomba hewa. Tulifungua mlango. Wauza ndizi wanawahi gari lolote linalopunguza mwendo. Kabla sijashuka walikuwa wamelizunguka. Mwanamke mmoja aliingiza kichana cha ndizi mbivu mpaka karibu na uso wa mke wangu, akasema, "Dada, chukua, za mwisho hizi." Kisha yule mwanamke akamwangalia vizuri. Akaurudisha mkono wake nyuma taratibu, akawafukuza wenzake. Hivyo ndivyo nilivyojua. Aliyeona kwanza alikuwa muuza ndizi.

Tukageuza gari.

Naandika sasa jambo ambalo sikulisema kwa padri wala kwa mtu. Siku zote za msiba nilimchukia mama mkwe wangu. Watu walikuja, wakakaa kwenye majani tuliyotandika, wakauliza ilikuwaje, na kila aliyeeleza alieleza hivyo hivyo: ndege ilikuwapo, nafasi ya mgonjwa ilikuwapo, bibi akakataa. Hawakusema mbele yake, walisema nyuma ya nyumba kwenye masufuria, lakini nyumba yangu ni ndogo. Hata wanawe wa kiume waliotoka Nyarubungo walikaa mbali naye. Mkubwa wao aliniambia pole kwa ajili ya ukaidi wa mama yao. Nilipokea ile pole. Nilisema asante.

Mama mkwe hakujitetea. Alikaa ukutani na khanga kichwani siku zote, akala kidogo. Siku ya kuondoka aliniambia, "Mkwe wangu, nimekuulia mke." Ilikuwa nafasi yangu kusema hapana, kama mtu yeyote anavyosema hata kwa adabu tu. Nilikaa kimya. Akapanda gari na wanawe.

Kahawa haingoji msiba. Iliiva, wanangu wakaichuma, tukaianika, mwezi wa saba nikapeleka magunia manne ghalani. Karani wa chama ni mtu niliyesoma naye shule ya msingi, mcheshi, mwenye sauti kubwa. Aliweka gunia la kwanza, mshale ukasimama kwenye hamsini na nane. Nami nikasema kama tunavyosema wote, kwa mzaha wenye uchungu, "Andika hamsini na nane, Mungu ataandika sitini na moja."

Akacheka. "Hizo tatu zilikufa, bwana. Wakaguzi wa vipimo walikuja kabla ya Pasaka na mawe yao ya chuma. Walifungua, wakarekebisha, wakaweka alama. Tulitangaza kwenye mkutano, tukatangaza kanisani. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa wodini. Ndiko nilikokuwa kabla ya Pasaka na baada ya Pasaka.

Nilimwomba aweke jiwe la kupimia la ghala, lile la kilo ishirini. Mshale ulisimama kwenye ishirini, wala haukutikisika. Nikamwomba tena. Aliacha kucheka, akauliza kama najisikia vibaya. Nilimwambia apime yaliyobaki, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Hesabu yenyewe haihitaji shule. Watu kumi, kila mmoja nilimwongezea tatu ambazo hakuwa nazo. Kilo thelathini za hewa. Ndege ilikuwa imezidi ishirini na nne kwenye karatasi, na karatasi niliiandika mimi. Bila mkono wangu ingekuwa na kilo sita za ziada, mama na binti wamekaa pamoja, na hakuna mtu ambaye angelazimika kumwomba mtu chochote.

Ndege ilipokuja nilimweleza rubani. Nilimweleza yote akiwa bado amevaa vile vitu vya masikioni shingoni. Alikwenda mpaka mkiani na kurudi. Alisema na yeye alikosa, kwamba kama angejipima kila mwezi, kama alivyofanya siku ile ya kwanza, angegundua. Nilimshukuru, lakini sikutaka mwenza wa kubeba kosa langu. Kisha nilimwuliza swali lililokuwa likininyima usingizi: siku ile, kama angewapakia wote kumi kwa hesabu ile ile mbaya, ndege isingeruka?

Alitazama chini. "Ingeruka, mzee. Kwa injini mbili nzima ingeruka hata na mia zaidi. Ile hesabu ni ya siku injini moja ikifa."

"Imewahi kufa hapa?"

"Hapa, hapana."

Alisema ukweli, na ndiyo sababu simlaumu. Alikuwa na sheria yake, na sheria ile ndiyo iliyowafikisha watu wengi salama kuliko huruma ya mtu. Mizani mpya ya kusimama ililetwa kwenye ndege hiyo hiyo mwezi uliofuata. Ni ndogo, ina kioo, inasoma yenyewe.

Sasa ilibaki Nyarubungo, nami sikwenda. Mwezi wa saba nilisema kahawa. Mwezi wa nane nilisema wanangu wana homa, na kweli walikuwa nayo, siku mbili. Mwezi wa tisa nilisema mvua. Ukweli ni kwamba kulikuwa na raha mbaya katika kubaki vile. Kijijini watu walinisalimia kwa upole wa kumsalimia mtu aliyeonewa. Wazee walinipa kiti. Nilikuwa nimefiwa na mke kwa kosa la mtu mwingine, na mtu huyo yuko mbali, mgeni kwa asili, mzee, hana wa kumsemea. Nilikuwa nikiamka usiku nikijua kwamba huko aliko amelala na kosa langu kichwani, na asubuhi nikienda kufyeka.

Kilichonitoa ni binti yangu. Aliporudi likizo kutoka kwa bibi yake alisema bibi ameacha kwenda kwenye jumuiya ya sala. Alisema wanawake wa jumuiya walimwambia aombe toba mbele ya wote, kwa sababu aliyemnyima mwanawe uhai ni heri akiri. Akaomba toba. Alipiga magoti mbele yao. Baada ya hapo hakwenda tena.

Nilipanda gari kesho yake.

Nilimkuta uani akipukuchua mahindi, na wanawe wawili wakitengeneza paa la banda la mbuzi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba bila kusimama. Aliniletea kigoda mwenyewe, akakiweka mbali kama inavyopaswa. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno: kwanza nitaeleza mizani, kisha wakaguzi, kisha nitaomba msamaha kwa mpangilio, nitapiga magoti. Nilipofungua mdomo nilianza na mwisho.

"Mama, hukumuua. Nafasi yenu wote wawili ilikuwapo. Mimi ndiye niliyeandika uzito wa uongo."

Mikono yake iliendelea kupukuchua. Nikaeleza. Nilieleza kilo tatu, nilieleza thelathini, nilieleza sita zilizobaki. Sikuwa na uhakika kama ananifuata, lakini nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa saba."

Alihesabu. Nilimwona akihesabu, midomo ikicheza kidogo, saba, nane, tisa, kumi. Mikono ikasimama.

"Nilipopiga magoti mbele ya wale wanawake ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

Aliwaita wanawe washuke kwenye paa. Walishuka, wakasimama, mkubwa akiwa bado na nyundo mkononi. Akaniambia, "Sema tena. Wao wasikie." Nikasema tena, polepole, kwa Kiswahili na kisha kwa lugha ya nyumbani. Mkubwa, yule aliyenipa pole, alitazama pembeni. Mama akasema Jumapili nitafika kwenye jumuiya, niseme mara ya tatu, mbele ya wale wale, na nikimaliza niondoke bila kula kwa mtu yeyote. Nilikubali. Jumapili nilikwenda, nikasema nikiwa nimesimama. Mwanamke mmoja alianza kulia, mwingine akamshika bega mama mkwe wangu, naye akautoa ule mkono begani mwake kama unavyotoa mdudu.

Msamaha sikuomba. Siku ile uani yale maneno niliyoyapanga yalikuwapo mdomoni, lakini alinitazama usoni, jambo ambalo mama mkwe hafanyi kwa mkwewe na hajawahi kunifanyia miaka yote ya ndoa, akasema kabla sijayatoa:

"Kosa la mizani ningelibeba pamoja na wewe. Ile miezi ni yako."

Wanangu wanakwenda kwake kila likizo. Nawasindikiza mpaka kituo cha basi, nawapa ndizi za kumpelekea. Wanasema anazipokea, anawapikia wao, na yeye hazili.